Mwalimu wa Taipu na Mashine Isiyo na Kengele

Mtu aliyenichosha kuliko wote katika maisha yangu si mume wangu, ingawa naye alijitahidi. Ni mwalimu wa taipu, jirani yangu wa pale Nkuhungu, Dodoma. Tulipakana ua kwa ua, minyaa tu katikati, na mpaka leo mvua ya mawe ikianguka juu ya bati namkumbuka yeye. Ndivyo mashine zake zilivyolia kuanzia asubuhi: ta-ta-ta-ta, halafu ting, halafu kraa, halafu ta-ta-ta tena. Mtoto aliyezaliwa karibu na nyumba ile alikuwa halali mpaka asikie taipu.

Jina lake nalijua ila silisemi, kwa sababu hata yeye hakupenda kuitwa jina. Alikuwa Mwalimu. Zamani alikuwa mpiga chapa mkubwa wa wizara, wa kupiga barua za wakubwa, na ukubwa ule haukumtoka. Mimi Mgogo, nimezoea mbukwa, salamu yetu ya wote. Napita kwake nasema, "Mbukwa, Mwalimu." Kimya. Narudia. Kimya. Siku niliposema shikamoo, marahaba ikaja hapohapo, macho hayajainuka kwenye karatasi. Na hatukupishana umri wa kutisha. Nikabaki nampa shikamoo yake kila siku kama mtu anayelisha mbwa wa jirani ili asibweke.

Darasa lilikuwa sebuleni. Wasichana wanne watano, kila mmoja na taipureta yake kuukuu, na kila mmoja amefungwa kanga shingoni, ile kanga inashuka mpaka inafunika mikono na mashine. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani wananyolewa. Kumbe ni ili wasitazame vidole. "Jicho ni la karatasi," anasema, "kidole kina akili zake." Ukichungulia chini ya kanga unapigwa rula ya bega. Kucha zikatwe fupi. Ukija na rangi ya kucha unarudishwa nyumbani ukaitoe kwa mafuta ya taa.

Alikuwa na misemo, na misemo yake ilikuwa ya kukera kwa sababu huwezi kuijibu. "Kidole kisichojua kwao hakiajiriwi." "Herufi ikishapigwa imepigwa." Hiyo ya pili aliitumia hata kwenye mambo yasiyo ya taipu. Nilimwambia siku moja kuwa mbuzi wake kala mlenda wangu niliouanika, karibu sinia zima. Akanitazama akasema, "Herufi ikishapigwa imepigwa, Mama Perisi." Sasa hapo unamjibu nini mtu? Mlenda wangu naukosa na herufi siijui.

Maana mimi shule yangu ni ile ya ngumbaru, ya watu wazima jioni, nikajua kusoma jina langu na bei za sokoni nikaona inatosha. Nilikuwa nauza karanga na mlenda mkavu soko la Majengo. Baba Perisi alikuwa mlinzi wa ghala la serikali. Ikaja miaka ile ya mambo huria, ghala likauzwa, na aliyelinunua akaja na walinzi wake. Neno la wakati ule lilikuwa kupunguzwa. Ukimuuliza mwenzio habari za mzee, anakwambia kapunguzwa, kama vile alikuwa amenenepa mno. Madukani vitu vimejaa, redio, sabuni za kunukia, viatu vya kila rangi, na mwenye mshahara wa kuvinunua ndiye anayetafutwa.

Mwalimu naye alipunguzwa. Walimpa kiinua mgongo chake na mkono wa kwaheri, na yeye akakataa kuamini. "Wataniita," anasema. "Serikali haiwezi kuandika bila mimi." Gauni lake la ofisini, la bluu lenye mkanda, alilipiga pasi kila Jumapili na kulitundika nyuma ya mlango. Nikamwambia, Mwalimu, hilo gauni litachanika kwa pasi kabla halijachanika kwa kazi. Akaniambia nikauze karanga.

Kwa hiyo tuelewane: nyumba yangu nzima ilikuwa inamtazama Perisi. Ndiye mkubwa, kamaliza kidato cha nne, wadogo zake bado, baba yake anakaa kibarazani ananyoa ndevu mara mbili kwa siku kwa kukosa la kufanya. Perisi akipata kazi ya ofisi tunapona. Akikosa, wadogo watatoka shule wakachunge. Ndiyo maana nilimpeleka kwa yule mwanamke, rula na yote.

Sasa niwaambie ya Ijumaa. Ijumaa mchana gazeti likishafika kutoka Dar, la jana yake, Mwalimu alikaa barazani na miwani akasoma matangazo ya kazi kwa sauti. Hakumwalika mtu, lakini watu walikuja. Wasichana wake, na wanaume waliopunguzwa, wamevaa makoti yao ya kazini ya zamani, wamesimama uani kama wanasubiri kuitwa majina. Mimi nilikuwa nakaa upande wangu wa minyaa namenya karanga nasikiliza.

"Anatakiwa katibu muhtasi," anasoma. "Awe na uzoefu wa kompyuta wa miaka mitano." Anashusha gazeti. "Kompyuta yenyewe imefika Dodoma juzi. Huyo mwenye miaka mitano alizaliwa nayo?"

Watu wanacheka. Halafu anaanza kuwapasha mmojammoja, bila kuombwa. Kulikuwa na mzee mmoja wa Ihumwa, alikuwa tarishi.

"Wewe usisimame hapo, jua linakuchoma bure. Matarishi wamekwisha. Siku hizi barua inapita kwenye waya, haihitaji miguu yako. Kalime zabibu."

"Zabibu zinataka maji, Mwalimu," mzee akamjibu. "Na yenyewe yanapita kwenye waya?"

Uani kote wakacheka, na Mwalimu, nilimwona kwa macho yangu, akaficha kicheko nyuma ya gazeti. Yule mzee alipoondoka alipewa unga. Ndivyo alivyokuwa. Anakutukana mbele za watu halafu anakufungia kitu nyuma ya nyumba, na ukimshukuru anakasirika.

Kompyuta aliichukia kabla hajaiona. "Mashine inayofuta makosa inafundisha watu kukosea," alikuwa anasema. Baada ya kusema hivyo mwaka mzima, akaenda Dar na kiinua mgongo chake chote akarudi nayo, kwenye basi, ameipakata imeviringishwa blanketi kama mgonjwa. Nilimuuliza mbona. Akasema, "Matangazo yanaitaka." Basi.

Ile mashine ikapewa heshima kuliko wageni. Ikawekwa pembeni mwa sebule, ikafunikwa kitambaa cha kufuma cheupe, na juu yake nailoni, kwa ajili ya vumbi la Dodoma. Ukiingia unavua viatu mlangoni. Unanawa mikono. Umeme wetu ulikuwa wa kupanda na kushuka, na Mwalimu alikuwa amesikia kuwa umeme ukipanda inaungua, kwa hiyo haikuwashwa isipokuwa kukiwa kumetulia kabisa. Sasa Dodoma na upepo ule, kunatulia lini? Iliwashwa ikatazamwa ikazimwa.

Wasichana wakawa wanajifunza kompyuta kwenye boksi. Sizui. Alikata maboksi ya sabuni, akachora herufi zote kwa kalamu nyeusi, kila msichana akapewa boksi lake na kanga yake. Wanapiga boksi. Tup-tup-tup-tup. Na kwa kuwa boksi halina kengele, ile ting ya taipureta inayokwambia mstari umefika mwisho urudishe, Mwalimu mwenyewe alisimama nyuma akigonga rula kwenye gilasi. Ting. Wote wanapiga kitufe cha kurudisha. Ting. Wanapiga tena. Mimi upande wangu na karanga zangu nasikia tup-tup-tup, ting, naona mwanangu anasoma. Nilifurahi.

Ukatokea mradi mmoja wa maji, wa wageni, ofisi mjini. Wanataka mpiga chapa anayejua kompyuta. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyesoma tangazo na akamnyooshea Perisi rula. "Wewe."

Perisi akaenda, kavaa viatu vyangu vya kanisani. Alirudi mchana, akaingia ndani, akajilaza kifudifudi. Nikamwacha. Baadaye akatoka, akachukua ungo wa karanga, akaanza kuzipanga mistari, ili mimi niliyesoma ngumbaru nielewe.

"Mama, hizi ni herufi. Nilipiga barua yao, haraka, sina kosa hata moja. Kila nikiona mstari umetosha, moyoni nasikia ting, narudisha. Bosi akasema vizuri sana. Halafu akasema, hapo juu ongeza jina la msaidizi wake."

"Sasa si unaongeza."

"Nikaongeza." Akasukumiza karanga tatu katikati ya mstari wa juu. Mstari ule ukamwaga karanga zake kwenye mstari wa chini, zikakaa mbili peke yake, halafu mstari mwingine mzima, halafu nusu. "Barua yote ikavunjika hivi. Mama, ile mashine inarudi yenyewe. Mstari ukijaa inashuka yenyewe, hairudishwi. Kila nilipogonga kitufe cha kurudisha nimeikata. Nikaanza kuunga mstari mmojammoja, bosi anatazama saa. Akaniuliza, dada, umesomea wapi?"

Nilivuka minyaa sikupita hata mlangoni. Darasa limejaa, maboksi yanalia. Nikaingia na viatu.

"Mama Perisi, viatu," akasema.

"Viatu vitavuliwa baadaye. Ile mashine yako ina kengele?"

"Mashine zangu zote zina kengele."

"Ile yenye shela."

Akashusha rula. Wasichana nao wakaacha kupiga.

"Inarudi yenyewe mwisho wa mstari," nikasema. "Mwanangu kaikatakata mbele ya bosi kwa ting yako. Ulijua kuwa inarudi yenyewe?"

"Sikujua."

"Unakosaje kujua na iko sebuleni kwako, inakula na wewe, inalala na wewe?"

Akawaambia wasichana watoke nje. Walipotoka akakaa kwenye kibao cha mwanafunzi, akawa mdogo kuliko nilivyozoea. "Nikiiwasha naogopa," akasema. "Ile ni kazi yangu yote ya miaka yote, Mama Perisi. Ikiungua, na mimi nimeungua."

Nilikuwa na maneno mengi nimeyaandaa njiani, na njia yenyewe ilikuwa hatua chache, lakini nilikuwa nayo. Nikageuka nayo yote. Nikaondoka nimekasirika maradufu, kwanza kwa mwanangu, pili kwa kunyimwa ugomvi wangu.

Kesho yake akamwita Perisi. Hakuomba radhi, asije akafa. Alisema, "Njoo unionyeshe ulipokosea." Wakaondoa nailoni, wakaondoa kitambaa, wakaiwasha. Wiki ile nilisikia kelele mpya upande wa pili.

"Usiguse, Mwalimu. Endelea tu, itashuka yenyewe."

"Itajuaje?"

"Inajua."

"Mashine isiyokuambia umefika mwisho ni mashine ya kihuni."

"Mwalimu, umegonga tena."

"Sijagonga. Kidole kimegonga."

Nikacheka peke yangu na karanga zangu mpaka Baba Perisi akatoka kuuliza kuna nini. Ilikuwa raha kusikia rula imehamia mkono mwingine.

Hapo ningemsamehe. Hapo ningekuwa nawasimulia habari ya jirani mgumu aliyekuja kulainika. Lakini alikuwa hajamaliza kunichosha.

Yule msichana waliyemchukua mradini badala ya Perisi akapata kazi Dar akaondoka. Nafasi ikarudi. Mimi nilizipata habari kwa dereva wao, mteja wangu wa karanga, aliniambia imeshatangazwa gazetini. Nikashangaa, maana Ijumaa ile nilikuwa pale pale kwenye minyaa, na Mwalimu alikunja gazeti akasema, "Wiki hii hakuna kitu." Nikadhani dereva kachanganya. Perisi akasema, "Mama, kwenda si bure tu?" Akaenda.

Kufika, kwenye benchi la kusubiri, nani kakaa? Mwalimu. Gauni la bluu na mkanda.

Niliyoambiwa na mwanangu ndiyo haya. Alisema, "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umesikia kwa nani?"

"Kwa dereva."

"Kaa. Vuta sketi, goti linaonekana. Na wakikuuliza umefundishwa na nani, usinitaje, watasema tumepanga."

Halafu akamvuta mikono akaisugua kwa leso yake, kidole kimojakimoja, kwa sababu chumba kile kilikuwa na kiyoyozi na vidole vya baridi havipigi vizuri. Anagombea kazi na mtoto, na anampasha mtoto vidole moto. Mimi mpaka leo sijui mtu wa namna hiyo unamweka kapu gani.

Wakaingia, mmoja baada ya mwingine. Kazi akapewa Mwalimu.

Nilimsema, jamani. Nilisimama kwenye minyaa nikamsema kwa Kiswahili mpaka kikaisha, nikaingia Kigogo. Kwamba yeye alipewa kiinua mgongo, mimi nina mume anayenyoa ndevu. Kwamba ametusomea matangazo ya watu wote akameza la mwanangu. Baba Perisi alikuwa ananivuta mkono ananiambia watu wanasikia, nikamwambia ndiyo maana napiga kelele. Upande wa pili nikasikia tu harufu ya mkaa wa pasi.

Alasiri akaja mwenyewe, na funguo mkononi.

"Naanza kazi Jumatatu," akasema. "Wasichana hawawezi kukaa bila mwalimu. Perisi aje."

"Aje kufagia?"

"Aje kufundisha. Ada achukue yeye. Na ile kompyuta aiwashe kila siku, kila msichana aguse. Maboksi ukawashie moto."

"Na ikiungua?"

"Ikiungua imeungua."

Nilitaka kumwambia achukue funguo zake aondoke nazo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Perisi akanipita kwa pembeni akazipokea, kwa mikono miwili, na akapiga goti. Watoto hawana adabu kwa hasira za wazazi wao.

Basi nyumba yangu ikapona kwa mlango nisiouchagua. Wadogo zake hawakuacha shule. Perisi alifundisha vizuri, bila kanga na bila rula, na msichana akitoka kwake alikuwa amekwishaiona mashine ikizimika, ikikataa, ikikwama, haogopi. Watu walitoka mpaka Miyuji kuja kusoma. Na Mwalimu asubuhi anapita na gauni la bluu kwenda kazini, mimi simsalimu, na yeye anaitikia. Nawaambia kweli. Napita kimya, yeye anasema "Marahaba."

Mradi nao ukaisha. Wageni walifunga mafaili wakaondoka, na Mwalimu akapunguzwa mara ya pili. Mtaa mzima ukangoja aje kumtoa Perisi kwenye kiti. Mimi nilikuwa nimenoa ulimi. Akaja Jumatatu, akavua viatu, akamwomba Perisi ile taipureta moja ya pembeni isiyotumika, akawa anapigia watu hati za viwanja na barua za maombi. Perisi akimwambia apunguze kelele wanafunzi wasikie, anapunguza. Nami nimekaa na ulimi wangu mkali sina pa kuutumia.

Alikaa hivyo miaka, halafu akahamia Miyuji kwa ndugu yake, miguu ilipoanza kukataa. Sikwenda kumwona. Perisi alikuwa anakwenda, anarudi na salamu, mimi nasema nimesikia. Mpaka siku moja Perisi akaniambia, "Mama, usipokwenda sasa utakwenda kulia tu." Nikapika chai nikaiweka kwenye chupa, nikafunga na karanga, nikaenda.

Nilimkuta kwenye kiti, shali mabegani, amekonda. Vidole vilikuwa vinatembea juu ya magoti, vinapiga chapa sijui barua gani. Tukaulizana hali. Tukamaliza hali. Nikaona nitaondoka na swali langu na nitalala nalo mpaka niingie kaburini, nikalitoa.

"Mwalimu, kwa nini ulimnyang'anya mwanangu kazi ile?"

Hakushtuka. Nadhani alikuwa analingoja tangu siku ya minyaa.

"Nilitaka kujua kama walikosea waliponipunguza," akasema. "Au kama kweli nilikuwa sifai tena."

"Ukapata jibu?"

"Nilifaa. Nilifaa kabisa, Mama Perisi. Na wakanipunguza hivyohivyo."

"Na Perisi? Yeye hakuwa na haki ya kujua kama anafaa?"

"Perisi mimi nilikuwa najua kuwa anafaa. Ningempa mtu asiyefaa mashine yangu?"

Sasa jibu kama hilo unalifanyaje. Nilimkasirikia miaka yote ile, na katika kukasirika kwangu wanangu walisoma, bati likaezekwa, Perisi akaolewa na heshima zake, vyote kwa mashine iliyonunuliwa na kiinua mgongo cha yule mwanamke, na mpaka dakika ile alikuwa hajasema hata mara moja kwamba alitupa kitu. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumshukuru, na nilijua nikimshukuru atanitukana. Nikafungua chupa nikammiminia chai.

Akaonja, akakunja uso, akasema sukari imezidi. Halafu akanyoosha kikombe niongeze.